Kivuli, mwezi na maswali ya watoto: kufundisha elimu ya anga bila darubini

Makala hii inaeleza kwa kirefu yale tuliyoyagusia katika kipindi chetu cha elimu. Tumeiandika kwa ajili ya walimu, wazazi na wanafunzi wa darasa la tano hadi kidato cha pili. Unaweza kuisoma kipande kwa kipande kwenye simu yako, kwani kila kichwa kinajitegemea.

Kosa letu hewani

Siku moja msikilizaji alituuliza kwa nini mwezi hukonda na kunenepa. Tukajibu haraka, tena kwa kujiamini, kwamba ni kivuli cha Dunia kinachoufunika. Kabla kipindi hakijaisha ukaingia ujumbe wa mwanafunzi wa darasa la sita, umetumwa kwa simu ya mama yake. Alisema jana yake saa kumi jioni aliona nusu mwezi juu, na jua nalo bado lilikuwa linawaka. Akauliza: kivuli cha Dunia kilipitia wapi?

Hatukuwa na jibu. Kivuli siku zote huangukia upande ulio kinyume na mwanga. Jua likiwa magharibi saa kumi jioni, kivuli cha Dunia kinaelekea mashariki, chini ya upeo wa macho. Hakiwezi kuufikia mwezi ulio juu angani. Mtoto alikuwa sahihi, sisi tulikosea, na wiki iliyofuata tulirekebisha.

Tunalisimulia hili kwa sababu moja. Mtoto yule hakutushinda kwa kukariri. Alitazama juu, akaona jambo lisilolingana na maelezo ya watu wazima, akauliza. Hiyo ndiyo njia ya kujifunza tunayoizungumzia hapa: kujifunza kwa kudadisi.

Kudadisi ni nini, na si nini

Elimu ya anga, ambayo vitabuni huitwa pia falaki au astronomia, ni elimu ya jua, mwezi, sayari na nyota. Haihusiani na kupiga ramli wala kutabiri bahati ya mtu kwa nyota yake.

Katika shule zetu nyingi mada hii hufundishwa kwa ubao. Mwalimu anachora mfumo wa jua, wanafunzi wanataja sayari nane kwa mpangilio, mtihani unakuja, mada imekwisha. Mwanafunzi anaweza kupata alama zote na bado asijue mwezi wa leo utachomoza saa ngapi.

Kufundisha kwa kudadisi kunageuza mpangilio huo, na hatua zake ni tano:

1. Swali. Lianze na kitu ambacho mtoto anaweza kukiona.
2. Bashiri. Kila mwanafunzi aandike anachodhani kitatokea, kabla ya kutazama.
3. Tazama na pima. Aandike alichoona, si alichotarajia.
4. Jadiliana. Anayesema jambo aulizwe: umejuaje?
5. Eleza. Hapo ndipo mwalimu anapoleta maelezo ya kitabu, na wanafunzi wanayalinganisha na walichokiona.

Hatua ya pili ndiyo inayorukwa mara nyingi, nayo ndiyo yenye nguvu. Mtoto aliyeandika ubashiri wake ana hamu ya kujua kama amepatia. Asiyebashiri anasubiri tu aambiwe.

Kudadisi hakumaanishi kuwaacha watoto wajifundishe wenyewe. Mwalimu anachagua swali, anapanga kazi, na mwishoni anafunga mjadala kwa maelezo sahihi.

Shughuli ya kwanza: fimbo na kivuli

Mahitaji: fimbo iliyonyooka ya mita moja, kamba, mawe madogo na uwanja tambarare.

Swali: kivuli kinakuwa kifupi kabisa saa ngapi?

Karibu darasa zima litajibu saa sita kamili mchana. Waandike hivyo. Kisha simikeni fimbo wima. Ili kuhakikisha haijainama, ninginiza jiwe kwenye kamba kando yake, kama fundi anavyotumia timazi. Kuanzia saa sita hadi saa saba na nusu, wekeni jiwe kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika kumi, na mpime urefu.

Dodoma, kivuli kifupi hakitokei saa sita kamili. Hutokea kati ya saa sita na dakika 20 na saa sita na dakika 50, kutegemea tarehe. Dar es Salaam hutangulia kwa kama robo saa. Kigoma husubiri hadi karibu saa saba.

Kwa nini? Saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa kufuata mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki, ambao unapita mashariki ya Tanzania yote. Jua huwahi kufika juu ya mstari huo, kisha juu ya Dar es Salaam, kisha Dodoma, na mwisho Kigoma. Kila digrii moja ya longitudo ni dakika nne. Hapo mwanafunzi anaelewa kwa nini watu walikubaliana kutumia saa moja nchi nzima: bila hivyo, treni ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma ingelazimika kubadili saa njia nzima.

Mstari wa kivuli kifupi kuliko vyote unaonyesha kaskazini na kusini halisi. Uwekeeni alama ya kudumu uwanjani, maana utatumika katika shughuli nyingine.

Rudieni zoezi hili mara moja kila mwezi, maana hapo linanoga zaidi. Watu wengi hudhani jua hupita utosini kila siku mchana. Hapa kwetu hilo hutokea mara mbili tu kwa mwaka. Dodoma ni karibu tarehe 5 Machi na tena karibu tarehe 8 Oktoba. Mwanza ni katikati ya Machi na mwisho wa Septemba. Mbeya ni mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Siku hiyo, fimbo iliyosimama wima inakosa kivuli kwa dakika chache. Kuanzia Machi hadi Oktoba kivuli cha mchana kinaelekea kusini, na miezi iliyobaki kinaelekea kaskazini. Fundi anayejua hilo anajua pia upande gani wa nyumba uongezewe baraza.

Shughuli ya pili: daftari la mwezi

Mahitaji: daftari, penseli na siku 30.

Anzeni siku ya mwezi mwandamo. Kila jioni, saa ileile, mwanafunzi atazame angani kutoka nyumbani kwao na aandike mambo manne: tarehe, saa, mwezi uko upande gani na kimo gani, na umbo lake kwa mchoro. Kimo hupimwa kwa ngumi. Nyosha mkono mbele na ufunge ngumi: upana wa ngumi yako angani ni karibu digrii kumi. Ngumi ya mtoto ni ndogo lakini mkono wake ni mfupi, hivyo kipimo hakipotei.

Baada ya siku tatu, wabashiri: kesho saa moja na nusu usiku mwezi utakuwa wapi? Watagundua kwamba kila siku mwezi unasogea mashariki kwa zaidi kidogo ya ngumi moja, na kwamba unachelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50. Wakati huo unakua. Ukifikia mpevu, unachomoza mashariki jua likizama magharibi.

Baada ya hapo wengine watasema mwezi umepotea, kwa kuwa saa moja na nusu hauonekani tena. Usiwape jibu. Waulize nani huamka alfajiri. Katika wiki ya tatu, mwezi unaonekana magharibi saa mbili asubuhi, wakati wa mstari wa shule, na darasa zima linaweza kuutazama kwa pamoja. Wengi hawajawahi kuutambua mchana, ingawa huwa upo kila mwezi.

Kutoka umbo moja hadi kurudi umbo lilelile ni siku 29 na nusu. Ndiyo maana miezi ya kalenda ya Kiislamu huwa na siku 29 au 30, na ndiyo maana Ramadhani hutangulia kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kawaida. Wazee wanaotazama mwandamo wanajua mengi juu ya jambo hili. Waalikwe darasani waulizwe.

Shughuli ya tatu: yai na mwezi

Hili ndilo jaribio ambalo lingetuokoa na aibu yetu.

Mwezi ukiwa nusu, takriban siku saba baada ya kuandama, nendeni nje saa kumi jioni. Jua liko magharibi, mwezi uko juu upande wa mashariki. Mwanafunzi ashike yai au mpira mweupe mdogo, aunyooshee kuelekea mwezi, mahali penye jua. Atazame yai, kisha mwezi.

Vyote viwili vina umbo moja: nusu yenye mwanga, nusu yenye giza, na mwanga uko upande mmoja. Kivuli cha Dunia hakipo kwenye yai. Kuna jua linalomulika upande mmoja wa kitu cha mviringo, na sisi tunaokitazama kwa ubavu.

Mkirudi darasani, mfungie giza kidogo na muweke taa moja. Mwanafunzi ashike chungwa kwenye kijiti, juu kidogo ya kichwa, kisha azunguke polepole akilitazama. Kichwa chake ni Dunia, taa ni jua, chungwa ni mwezi. Ataona mwandamo, nusu, mpevu, nusu tena, kisha giza. Daima nusu ya chungwa imemulikwa, na kinachobadilika ni sehemu ya nusu hiyo inayomwelekea yeye.

Sasa ashushe chungwa hadi usawa wa kichwa na azunguke mpaka taa iwe nyuma yake. Kivuli cha kichwa kitafunika chungwa. Huko ndiko kupatwa kwa mwezi, na hapo ndipo kivuli cha Dunia kinapohusika kweli. Hutokea mwezi mpevu tu, na huchukua saa chache. Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa kikamilifu hapa kwetu, kuanzia kama saa mbili na nusu hadi karibu saa nne, ukageuka mwekundu. Chungwa likiwa kati ya kichwa na taa, ni kupatwa kwa jua. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walikusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, kuona jua likibaki kama pete.

Onyo ambalo halina mjadala: kamwe usilitazame jua moja kwa moja, liwe limepatwa au la. Filamu ya eksirei, miwani ya kawaida ya jua, kioo kilichopakwa moshi na beseni la maji havilindi macho. Jicho linaweza kuungua bila kuhisi maumivu. Kwa usalama, tobolea karatasi ngumu tundu dogo, lipe jua mgongo, na uache mwanga upite tunduni hadi kwenye karatasi nyingine. Chini ya mwembe mianya ya majani hufanya kazi hiyohiyo: vile viduara vya mwanga ardhini ni picha za jua.

Shughuli ya nne: kuipima Dunia kwa shule mbili

Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, huko Misri, Eratosthenes aliyekuwa mtunza maktaba ya Alexandria alikadiria mzingo wa Dunia kwa kulinganisha vivuli vya miji miwili. Shule zetu zinaweza kufanya vivyo hivyo kwa simu ya kawaida.

Mwanza na Mbeya zinafaa, kwa kuwa moja iko karibu kusini kabisa ya nyingine, na umbali kati yao kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 700. Siku moja, shule zote mbili zipime kivuli kifupi kabisa cha fimbo ya mita moja, kisha zipigiane simu. Karibu na tarehe 21 Juni, kivuli cha Mwanza kitakuwa kama sentimita 49, na cha Mbeya kama sentimita 63.

Wanafunzi wachore kila pembetatu kwa kipimo kidogo na wapime pembe ya juu kwa kipimapembe. Watapata kama digrii 26 na digrii 32. Tofauti ni digrii 6. Duara zima lina digrii 360, yaani mara 60 ya tofauti hiyo. Basi mzingo wa Dunia ni 60 mara 700, sawa na kilomita 42,000.

Mzingo halisi ni karibu kilomita 40,000. Usiseme wamekosea. Waulize tofauti imetoka wapi. Je, fimbo ilisimama wima? Kipimapembe kilisomwa kwa usahihi gani? Digrii moja tu ingebadilisha nini? Mazungumzo hayo ni sayansi yenyewe, kuliko jibu.

Shughuli ya tano: mpira na punje ya ulezi

Michoro ya vitabuni huonyesha sayari zimebanana. Chukueni mpira wa miguu uwe jua. Kabla ya kuwaambia, waulize Dunia iwe na ukubwa gani na isimame wapi. Wengi watachagua chungwa, hatua tatu mbali.

Kwa kipimo hicho, Dunia ni punje ya milimita mbili, sawa na ulezi, na iko kama mita 24 kutoka kwenye mpira. Mwezi ni chembe iliyo sentimita sita kutoka kwenye ulezi. Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, ni kama gololi kubwa iliyo zaidi ya mita 120. Neptuni iko mita 700, pengine nje ya kijiji. Nyota iliyo jirani kuliko zote baada ya jua ingekuwa zaidi ya kilomita 6,000, huko Ulaya.

Swali gumu: kwa nini Julai kuna baridi?

Mjini Njombe na Mbeya, Juni na Julai ni miezi ya baridi. Wanafunzi wengi husema ni kwa sababu Dunia iko mbali na jua. Na kweli, mapema Julai ndipo Dunia inapokuwa mbali zaidi, kilomita milioni 152, wakati mapema Januari ni milioni 147. Inaonekana wamepatia.

Sasa mwalimu aulize: Julai hiyohiyo, Ulaya hali ikoje? Huko ni majira ya joto. Dunia ni moja na umbali ni mmoja, ila joto linatofautiana. Basi sababu si umbali. Warudi kwenye daftari la vivuli: Juni kivuli cha mchana ni kirefu kwa sababu jua liko upande wa kaskazini, na miale yake inatufikia kwa kuinama. Dunia imeinama kwenye mhimili wake kwa digrii 23 na nusu hivi, ndiyo maana nusu zake mbili hupokezana joto. Kwetu mvua, mawingu na mwinuko vina sehemu kubwa pia. Jibu linaloonekana kupatana na ushahidi wa hapa linaweza kuvunjika kwa ushahidi wa pengine, na mtoto akilijua hilo mapema litamsaidia maisha yote.

Vikwazo tunavyovisikia kwa walimu

"Darasa langu lina watoto themanini." Gawa makundi ya wanane. Mmoja anashika fimbo, mmoja timazi, wawili wanapima, mmoja anaandika, mmoja anatazama saa, wawili wanabashiri na kulinganisha. Kazi ya mwezi inafanyika nyumbani, na darasani inahitaji dakika 15 kwa wiki.

"Wataniuliza nisichokijua." Wataniuliza ni neema. Sema: "Sijui. Tufanye nini ili tujue?" Heshima ya mwalimu haipungui. Sisi tulikosea mbele ya mkoa mzima, na tunaendelea kutangaza.

"Mtihani hauulizi haya." Mtihani unauliza maumbo ya mwezi, majira, longitudo na saa. Mtoto aliyepima hasahau.

"Usiku si salama kwa wasichana." Ni kweli, na hakuna haja ya kuwaita shuleni usiku. Mwezi unatazamwa uani, mzazi akiwepo, kwa dakika tano. Kivuli na yai ni kazi za mchana.

"Kidato cha kwanza wanahamia Kiingereza." Hapa ndipo wengi hupotea. Mtoto aliyeelewa kwa Kiswahili kwa nini mwezi hubadilika umbo anajifunza maneno mapya tu. Asiyeelewa anajifunza maneno na jambo kwa wakati mmoja. Andikeni daftari la safu mbili, Kiswahili na Kiingereza, kuanzia darasa la sita. Na msidharau maneno yetu. Sayari limetoka katika Kiarabu na maana yake ni chenye kusafiri, nalo linaeleza jambo la kweli: Zuhura na Mshtarii husogea kati ya nyota, wiki kwa wiki. Kilimia ni kundi la nyota lililopewa jina kutokana na kulima. Katikati ya Novemba huchomoza mashariki jua likizama, na huku kanda ya kati ndipo wakulima wanapoandaa mashamba.

Kwa mzazi mwenye simu

Huhitaji kuwa umesoma. Mtoto akikuambia mwezi utachomoza saa fulani, toka naye mkaangalie. Ukikosea, cheka. Programu ya Stellarium inaonyesha majina ya nyota na sayari, lakini mtoto abashiri kwanza, simu ifuate. Ukipata darubini ya macho mawili, iegemeze ukutani na uielekeze Mshtarii usiku, wala si jua kamwe. Pembeni yake utaona vinukta vilivyojipanga. Hiyo ni miezi minne ambayo Galileo Galilei aliiona Januari 1610, na kuona kwake kulisaidia kubadili fikra kwamba kila kitu kinaizunguka Dunia.

Tunawaomba walimu na wanafunzi mtutumie vipimo vyenu vya kivuli kwa ujumbe mfupi: mahali, tarehe, urefu wa fimbo, urefu wa kivuli na saa. Tutavisoma hewani pamoja na mahali vilikotoka, ili shule ya mbali ivilinganishe na vyake. Na mkitusikia tumekosea tena, tutumieni ujumbe kabla kipindi hakijaisha.